Mzee Tuliyemtoa Ngomeni

Sitaki pole ya mtu. Nimepewa pole za kutosha, na wanaonipa ni walewale wanaokwenda kunong'ona pembeni kwamba nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina hasira. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme mwenyewe.

Mimi ni fundi friji. Siku ile, saa kumi na moja na nusu jioni, nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji la mwenye bucha, mikono imejaa grisi, tochi nimeiuma kwa meno. Simu ikaita. Kaka yangu.

"Njoo umchukue mzee. Tunafunga saa kumi na mbili." Hata salamu hakuna.

"Kwani wewe huwezi kumleta?"

"Nina wageni. Njoo."

Akakata. Mshenzi.

Kaka yangu ndiye mkuu wa ngome. Ile ngome ya mawe juu ya kilima, ya tangu enzi za wafalme na mikuki, ambayo siku hizi ni makumbusho. Watu wanakuja kuona panga, kofia za chuma, mizinga, kitanda cha malkia fulani aliyekufa akiwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani tunamwita Bwana Tai, maana tangu apewe cheo hicho hajaonekana bila tai shingoni, hata akija kula kwetu Jumapili. Na cheo chenyewe amekipata kwa mgongo wa baba. Baba alikuwa mshika funguo pale miaka thelathini na moja. Hakuna kufuli la ngome ile asilolijua kwa mlio wake.

Alistaafu miaka miwili iliyopita. Wiki ya kwanza alikaa nyumbani. Wiki ya pili akaanza kwenda ngomeni, kila siku asubuhi, eti kusalimia wenzake. Wenzake wenyewe walisema hasalimii mtu. Anapita moja kwa moja, anashuka gereza la chini, anakaa huko mpaka kengele ya kufunga.

Na akaanza kusahau.

Kwanza alisahau majirani. Halafu wajukuu. Halafu siku moja nikamfungulia mlango, akanitazama usoni, akasema, "Dada, umekuja?" Dada yake alifariki kabla sijazaliwa. Wanasema nimefanana naye. Tangu siku hiyo sikuwa mwanawe tena. Nilikuwa dada.

Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Asubuhi nampa chai, mkate na yai, namenya lile yai kwa mkono wangu, na saa moja haijaisha anawaambia majirani kwamba mtoto wa watu anashinda na njaa. Nilikuwa nimechoka. Wacha niseme kweli, aibu imeshakwisha: kuna siku nilimchukia. Kuna siku nilitamani nimpate baba yangu wa zamani, yule aliyekuwa ananiita Cheche kwa ajili ya hasira zangu, hata kwa dakika tano tu, halafu huyu mwingine aende zake.

Nilitamani hivyo. Sikumwambia mtu.

Basi nikaliacha friji wazi, mwenye bucha akanitukana, nikamtukana na mimi, nikachukua teksi. Nikapanda ile barabara ya kilimani nikiwa nafoka peke yangu. Nilipofika, wageni wa mwisho walikuwa wanatoka, wanapiga picha kwenye lango. Kaka alikuwa amesimama uani na watu watatu wenye mafaili kutoka idara ya makumbusho, anacheka kile kicheko chake cha ofisini.

"Yuko wapi?"

"Chini. Shuka tu." Hakunitazama. "Fanya haraka, Cheche, taa zinazimika zenyewe saa kumi na mbili."

Nikapita chumba cha ramani, nikapita chumba cha silaha. Mwisho wa chumba cha silaha kuna mlango wa nondo, na nyuma ya mlango kuna ngazi za kwenda chini. Ulikuwa wazi. Nikasimama pale kidogo, sijui kwa nini. Nikakumbuka utaratibu wa wazee.

Ngoja nikueleze, maana kila kitu kiko hapa.

Washika funguo wa zamani walikuwa wanafunga wawili wawili, wakianzia chini kwenda juu. Mmoja anashuka kukagua, mwingine anabaki kwenye nondo na funguo. Yule wa chini akipanda, wa juu hafungui. Hata kama ni ndugu yake, hata kama anamwona kwa macho. Kwanza anamuuliza: leo umekula nini? Leo umekutana na nani njiani? Ya leo tu. Ya zamani haulizwi kabisa. Akijibu sawasawa, anafunguliwa. Akibabaika, funguo zinabaki mfukoni.

Sisi watoto tulidhani ni mchezo. Baba alikuwa akichelewa kurudi, tunamfungia mlango kwa ndani na kumuuliza, "Leo umekula nini?" Naye anajibu kwa sauti nzito, tunacheka mpaka tunalia. Siku moja mama alijaribu kumuuliza sababu ya utaratibu ule. Baba hakucheka. Akasema, "Yule wa chini anajua ya zamani. Ya leo hayajui." Akaendelea kula. Mama hakuuliza tena, na Bwana Tai alipokuwa mkuu, utaratibu wote aliufuta. Akaweka kamera.

Nikashuka.

Ngazi ishirini na mbili. Ukuta ulikuwa unatoa maji, kama unavyotoa siku zote. Lakini kulikuwa na harufu... ya utambi uliozimwa sasa hivi. Na chuma kibichi.

Chini kuna ukumbi mwembamba wenye benchi la wageni, na mwisho wake chumba kimoja cha gereza, mlango wa chuma wa inchi nzima. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Baba alikuwa ndani ya gereza lenyewe, amekaa juu ya kitanda cha jiwe, amevaa lile koti lake la kijivu. Alikuwa anaongea na ukuta kwa sauti ndogo. Aliponiona akanyamaza.

"Baba, twende. Wanafunga."

Akanitazama. Yale macho... Hayakuwa na mtu ndani.

"Dada," akasema. "Mama amekutuma?"

Hapo ndipo hasira zikanipanda. Friji la watu liko wazi, nyama inaharibika, nimepanda kilima, na huyu ananiuliza habari za mama yake aliyekufa zamani. Nikapiga kelele. Nilimfokea baba yangu, mzee wa miaka sitini na tatu, nikamwambia, "Mimi si dada yako! Mimi ni mwanao! Nimechoka na wewe, unasikia? Nimechoka!"

Akajikunyata. Akaziba masikio kwa mikono miwili.

Nikatoka nje ya chumba kile ili nisimpige. Nasema kweli, nilitoka ili nisimpige. Nikasimama ukumbini, nimeegemea ukuta, nahema.

Kengele ya juu ikalia. Taa zikazimika.

Nikawasha tochi ya simu.

"Cheche."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Nyuma yangu.

"Cheche, mwanangu. Usimpigie kelele huyo. Toka hapo taratibu."

Nikageuza mwanga. Baba alikuwa amesimama ngazi ya tatu. Koti la kijivu. Mgongo umenyooka, kichwa juu, kama alivyokuwa anasimama zamani akiwa kazini na funguo kiunoni. Ananitazama. Ananijua.



Nikageuza mwanga tena ndani ya gereza. Baba alikuwa bado kitandani, bado ameziba masikio.

Nikarudisha kwenye ngazi.

Wawili.

"Kaka!" Niliita mpaka koo likauma. "Kaka! Wako wawili!"

Halafu nikasikia viatu vyake juu, na mlango wa nondo ukifungwa. Hakuniuliza wawili nini. Nataka ulishike hilo. Mtu yeyote mwenye akili timamu, ukimwambia wako wawili, atakuuliza wawili nini. Yeye hakuuliza.

"Waulize," akasema kutoka juu. "Waulize kama mzee alivyotufundisha. Fanya haraka."

"Njoo huku!"

"Waulize, Cheche!"

Nikamulika ndani ya gereza.

"Leo umekula nini?"

Baba akashusha mikono. Akafikiri. Nilimwona anavyotafuta, midomo inachezacheza, anatafuta na hakuna kitu.

"Nimekula..." akasema. "Nimekula... Hapana. Bado. Mama ataleta."

Nikamulika ngazi. Kabla sijauliza, yule wa ngazi akajibu.

"Chai, mkate na yai. Umenimenyea wewe mwenyewe. Kuna kipande cha gamba kilibaki, nikakitema kwenye sahani, ukacheka. Njiani nimekutana na mwalimu wa jirani, kabeba mwanawe mgongoni. Funga mlango, mwanangu. Funga tuende nyumbani, mama yako anasubiri."

Kweli tupu. Gamba, sahani, kicheko. Kila kitu.

"Amejibu!" kaka alipiga kelele juu. "Nimesikia! Funga! Funga!"

Nikaushika mlango wa chuma kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito, ukalia ukisogea. Yule wa ndani akasimama. Akaja mpaka karibu, polepole, mguu wake wa kushoto ukiburuta. Hakukimbia. Hakunirukia. Alisimama tu mwangani, ananitazama kama mtoto aliyekosea na hajui kosa.

"Dada," akasema. "Nisamehe. Sijui nimefanya nini."

Nikafunga.

Nikasukuma komeo mpaka likagonga mwisho. Nikapanda zile ngazi bila kugeuka, mkono wangu ndani ya mkono wa yule mzee aliyekuwa ananiita kwa jina langu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikajiambia, kule chini kuna baridi.

Kaka akatufungulia nondo, akafunga nyuma yetu, akasimama na mgongo kwenye ukuta kumpisha yule mzee. Hakumgusa. Hakumwita baba.

Uani mzee alitembea mbele, mwenyewe, bila kuonyeshwa njia. Akamuaga mlinzi wa lango, akamuuliza hali ya mke wake kwa jina. Kwenye teksi akamsalimia dereva, akafunga mkanda. Miaka miwili mkanda nilikuwa namfungia mimi. Nikaanza kulia. Nilikuwa nalia kwa furaha, unaelewa? Baba yangu amerudi. Akanipigapiga mgongoni.

"Nyamaza, Cheche. Yamekwisha."

Tulikuwa tumefika taa za barabarani pale chini ya kilima. Nyekundu. Teksi ikasimama. Na kwenye ule utulivu nikasikia tena ile harufu, ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Utambi uliozimwa.

Nikajiuliza swali dogo tu.

Baba yangu alikumbuka alichokula tangu lini?

Miaka miwili mzee yule hajakumbuka yai hata moja. Ungemuuliza baba yangu wa kweli leo amekula nini, angesema hivyohivyo alivyosema yule wa ndani. Bado. Mama ataleta. Ule mtego waliutega wazee kwa ajili ya watu wenye akili timamu. Na mimi nimemtegea nao mgonjwa.

"Simama!" nikamwambia dereva. "Geuza gari!"

Yule aliyekaa kando yangu akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana.

"Tumechelewa," akasema kwa upole. "Kaka yako ameshafunga."

Nilifungua mlango nikakimbia. Nilikipanda kile kilima kwa miguu, viatu mkononi, nikafika lango limefungwa na Bwana Tai amesimama mbele yake na walinzi watatu. Wageni wake wenye mafaili walikuwa wameondoka.

"Fungua."

"Nenda nyumbani."

"Umemfungia baba! Fungua, nasema!"

Nilimpiga. Nilimpiga kofi la kwanza, la pili, nikaikamata ile tai nikaivuta mpaka akapiga magoti. Walinzi wakanishika. Naye akiwa pale chini, anakohoa, akaanza kusema. Hakuwa anaomba msamaha. Alikuwa anajitetea.

Alisema yule wa chini lazima mtu akae naye. Tangu zamani. Anataka kusimuliwa, na ukimsimulia jambo analichukua, wewe unalisahau. Washika funguo walikuwa wanapokezana, kila siku mmoja anashuka kidogo, anamsimulia mambo ya zamani, hadithi za babu zao, vitu visivyo na kazi. Ya leo waliyafunga mdomoni. Kaka alipofuta utaratibu, yule akaanza kujichukulia mwenyewe: ndani ya miezi miwili mlinzi mmoja akasahau njia ya kwao na mwingine akawasahau watoto wake. Ndipo baba akasema atakaa yeye. Kila siku. Peke yake.

"Alijitolea mwenyewe," kaka akasema. "Mimi sikumlazimisha."

"Na ulipoona anasahau?"

Akaanza kunyoosha tai yake.

"Ulipoona hana ya zamani ya kusimulia, anamsimulia yai la asubuhi, ulifanya nini?"

"Ngome ilikuwa imetulia," akasema. "Wageni wanaongezeka kila mwezi, Cheche. Ningefanya nini?"

Nimelikumbuka hilo kila siku. Ngome ilikuwa imetulia.

Nilikwenda polisi. Nikaandika maelezo, nikasema baba yangu amefungiwa ndani ya ngome. Wakaniitikia vizuri, wakaja na mimi mpaka nyumbani kuchukua picha yake. Na nani alitufungulia mlango? Mzee mwenyewe. Koti la kijivu, kikombe mkononi. Akawakaribisha, akawavutia viti. Akamuuliza yule mkubwa wao kama ndiye mtoto wa fundi saa wa zamani, na kama bado ana kovu la kuanguka kwenye ngazi za shule. Yule askari akacheka, akapandisha suruali, akaonyesha kovu.

"Sasa dada," akaniambia wakiondoka, "mzee huyu hapa. Unamtafuta nani?"

Ungejibu nini? Niambie, wewe ungejibu nini?

Alfajiri nilirudi na nyundo na tindo. Mafundi wa kaka walikuwa wameshaingia kabla yangu. Mlango wa gereza haukuonekana tena, ni ukuta wa matofali na saruji mbichi, na kibao kimesimamishwa mbele yake: UKARABATI. Walinzi walinitoa nimebebwa miguu juu. Mmoja wa mafundi alinifuata mpaka barabarani. Hakunitazama usoni. Aliniambia tu kwamba walipokuwa wanapanga tofali za mwisho, walisikia mtu ndani anagonga taratibu, anaomba radhi. Mkubwa wao akawaambia ni maji.

Anaomba radhi! Yeye!

Siwezi kukueleza siku nne zilizofuata. Nilipiga simu kila mahali. Nilikwenda kwenye ofisi ya wale wenye mafaili, wakanipa fomu. Siku ya tano niliacha kuhesabu, kwa sababu mtu mzee hawezi kukaa siku tano bila maji, na hilo nalijua, na wewe unalijua.

Ndipo nikamwendea mama. Nilimkuta jikoni anakata vitunguu. Nje, uani, yule alikuwa anawasimulia wajukuu habari za vita fulani, mfalme fulani, mtu fulani aliyefungwa gerezani akasahauliwa, na watoto walikuwa wametulia kimya, wanamkodolea macho.

"Mama," nikanong'ona. "Yule si baba."

Mama hakuacha kukata.

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimelala na baba yako miaka arobaini," akasema. "Unadhani sijui mguu wake ulivyokuwa wa moto usiku? Huyu wa baridi. Na halali. Anakaa macho ananitazama, ananiuliza habari za ujana wangu." Akafuta macho kwa kiganja, sijui kwa vitunguu au kwa nini. "Lakini ananijua, Cheche. Miaka miwili nilikuwa mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Baba yako alikuwa ananiuliza mimi ni nani na nimeingiaje. Huyu ananiita kwa jina. Niache."

"Mama, baba amekufa gizani!"

"Nani alimfungia?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, halafu akaendelea na vitunguu. Jibu ni mimi. Kaka alipiga kelele, lakini komeo nililisukuma mimi. Nilikuwa na baba wawili mbele yangu, nikamchagua aliyenikumbuka.

Niliondoka nyumba ile. Nimepanga chumba karibu na karakana, nafanya kazi, silali vizuri. Nikimwona Bwana Tai njiani namtukana mbele za watu, naye anavuka barabara. Ngome imejaa wageni.

Jana jioni mama alinipigia simu. Nilifurahi kuona jina lake. Nikamwamkia, akaitikia vizuri.

"Samahani, mama yangu," akaniambia kwa adabu, kama unavyosema na mtu usiyemfahamu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nyuma yake, karibu kabisa na simu, nikamsikia mwanamume anamwelekeza taratibu, bila haraka.

"Huyo ni Cheche. Mtoto wetu wa pili. Mwambie aje kututembelea."